Kamati ya Kufufua Mafaili Yaliyofutwa kwa Ajili ya Usafi

Inatangazwa kwa umma wote, wa ndani na wa nje, kwamba kuanzia sasa hakuna faili litakalopotea tena mjini Kigali. Likifutwa litarudi. Likirudi litakuwa sahihi. Likionekana si sahihi, basi kosa ni la mambo yenyewe yalivyo, nayo yatatakiwa kujirekebisha haraka yafanane na faili. Hayo ndiyo matunda ya Kamati ya Kufufua Mafaili, na mimi nilikuwa mjumbe, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa.

Niliingia kamatini kihalali kabisa. Hadidu za rejea zilitaka awepo raia mmoja wa kawaida, mstaafu, asiye na maoni. Nilikuwa napita mbele ya lango la ofisi yao nikienda kununua mkate. Mlinzi akaniuliza, "Mzee, una maoni?" Nikamwambia, "Kuhusu nini?" Akanifungulia.

Chanzo cha yote ni usafi. Mgeni akishuka Kigali anasifu usafi kabla hajasalimia. Jumamosi ya mwisho ya mwezi tunatoka na majembe na mafagio, tunazibua mitaro, tunafyeka nyasi. Huo ndio umuganda wetu, na hatuna mchezo nao. Sasa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Karakana na Kumbukumbu, Nyakubahwa (yaani Mheshimiwa) Karangwa, aliona pengo ambalo wengine hawakuliona. Barabara ni safi, mitaro ni safi, lakini ndani ya kompyuta je? Vurugu tupu! Mafaili ya tangu enzi, mengine yakiwa bado na majina ya watu. Akatangaza Umuganda wa Kidijitali.

Wafanyakazi walifika na fulana mpya na mabuti ya mpira. Mabuti hayakuwa na kazi, lakini umuganda ni umuganda. Kila idara iliambiwa ifute, na idara itakayobaki na kompyuta tupu kuliko zote ipewe kombe. Kombe likaenda kwa Idara ya Huduma kwa Watumiaji, chini ya Monsieur Damascène. Huyu alikulia Bujumbura, na kitu akikifanya hukifanya mpaka mwisho. Kompyuta zake zilikuwa tupu kiasi kwamba ukikohoa mbele yake unasikia mwangwi.

Jumatatu asubuhi, kombe likiwa bado linafutwa vumbi la safari, Nyiraneza akafika dirishani.

Nyiraneza ni fundi seremala kule Agakiriro, soko la mafundi la Gisozi. Ni mama wa makamo, ana mikono mipana na penseli sikioni, na sauti yake imezoea kushindana na msumeno wa umeme. Alikuja kuhuisha kibali cha karakana yake.

"Faili yangu iko wapi?" akauliza.

Monsieur Damascène akatazama kioo cha kompyuta, akafurahi. "Mubyeyi, mama yetu, faili lako liko katika hali ya usafi."

"Usafi gani?"

"Halipo. Donc, kwa hiyo ni safi."

"Na karakana yangu?"

"Karakana isiyo na faili haina mwenyewe. Ijumaa inapewa anayefuata kwenye zamu."

"Isiyo na mwenyewe? Mimi niko ndani yake kila siku! Mbao ziko ndani. Kitanda ya arusi iko ndani, imebaki mguu moja!"

"Kompyuta haikuoni, mubyeyi. Hata ukipunga mkono."

Aliyefuata kwenye zamu alikuwa mfanyabiashara wa masofa ya kutoka nje, shemeji yake Nyakubahwa Karangwa. Jambo hili lilitushangaza sote kwa jinsi lilivyokuwa la bahati.

Nyiraneza hakulia. Alivuta kiti cha wageni, akakipindua, akakagua miguu yake, akasonya, kisha akakikalia mbele ya dirisha. "Sitoki," akasema.

Kelele zilimtoa Liliane, injinia wa kompyuta za Mamlaka. Binti huyu ana shahada na ana mdomo, na ofisini walikuwa wakimhitaji kwa cha kwanza na kumwogopa kwa cha pili. Akauliza kuna nini, akaambiwa, akacheka.

"Faili lake lipo," akasema.

"Tulilifuta!" Monsieur Damascène akajibu kwa uchungu, maana kombe lake lilikuwa linatiliwa shaka.

"Mlidhani. Ukifuta faili, kompyuta haichomi kitu. Inang'oa tu kibao cha mlangoni. Nyumba ipo, na vyombo viko ndani. Ila kwa kuwa kibao hakipo, siku akija mwingine na mizigo yake, kompyuta itamwambia ingia hapo, hapana mtu. Akishaingia, vyombo vya mwanzo kwaheri." Akamgeukia Nyiraneza. "Mama, nitakurudishia kabla chai yako haijapoa. Sharti ni moja: kwa sasa mtu yeyote asihifadhi kitu kwenye seva. Hata herufi."

Mambo yangeishia hapo, na nchi ingekosa kamati. Kwa bahati nzuri Nyakubahwa Karangwa alikuwa anapita.

"Wait, wait," akasema. Alisomea Kampala, na akishtuka lugha ya kule hutangulia. "Liliane, unarudisha kwa mamlaka ya nani?"

"Kwa kibodi, Nyakubahwa."

"Banange! Na makao ya huo urudishaji ni wapi? Kufufua faili ni kazi ya kiini cha mfumo au ni kazi ya uwanja wa watumiaji?"

Kwa faida ya msomaji nitaeleza kama nilivyoelezwa. Kiini ni chumba cha ndani kabisa cha kompyuta. Amri zote hutoka humo, programu za kawaida haziingii, na kikishaamua kimeamua. Uwanja wa watumiaji ni huku nje kwetu tunakobonyeza na kukosea, na ambako mtu bado anaweza kusema, "Ngoja kwanza, si hiyo." Wajuzi wa dunia nzima wanabishana kuhusu jambo hili. Wapo wanaosema ufufuaji ukae kiinini, usipitie kwa mtu yeyote. Wapo wanaosema kiini kisibebeshwe mizigo ya nyumbani, ukae uwanjani kama kapu la taka unalochungulia mwenyewe.

"Kwa huyu mama tutajua baadaye," Liliane akasema. "Leo nirudishe tu kwa mkono."

"Ukirudisha kwa mkono utakuwa umejibu swali la kitaifa bila kikao!" Mkurugenzi akasema, na kwa kweli hakuna aliyeweza kumpinga. "Iundwe kamati."

Ikaundwa kabla Nyiraneza, aliyekuwa amekunja nne kitini, hajashusha mguu wake wa juu.

Vikao vilifanyika kwa Kiswahili kwa heshima ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ugomvi tulifanya kwa Kinyarwanda, na chai tuliagiza kwa Kifaransa. Nyakubahwa Karangwa aliongoza upande wa kiini. Monsieur Damascène aliongoza upande wa uwanja. Mimi niliongoza upande wa raia, nikiwa peke yangu, na bado tuligawanyika.

"Kufufua ni huduma," Monsieur Damascène akaanza. "Huduma hutolewa dirishani. Dirisha ni la kwangu. Donc, ufufuaji ni wa kwangu."

"Dirishani?" Mkurugenzi akashika kichwa. "Kitu cha kitaifa kiuzwe dirishani kama karanga? Wageni wakija tuwaonyeshe nini, dirisha? Kiini ndiyo heshima. Kiini ni ghorofa ya juu."

"Kiini hakina ghorofa, Nyakubahwa," Liliane akasema. Alikuwa amealikwa kama mtaalamu, na kwa hiyo alikaa mwisho karibu na mlango.

"Kitajengewa."

Basi ndipo hoja ya mazulia ilipoingia. Mkurugenzi alieleza kwamba idara yoyote itakayomiliki kiini itakuwa ya ngazi ya juu, na ngazi ya juu ina zulia. Monsieur Damascène akasema kwamba hata uwanja unaweza kuwekewa zulia. Akaulizwa tangu lini uwanja ukawa na zulia. Akajibu kwamba msikitini kwa majirani zake wa Rwezamenyo zulia liko mpaka barazani. Tukalijadili zulia mpaka tukachoka, tukala sambusa, tukarudi kulijadili.

Sasa kuna desturi yetu ambayo msomaji wa Kigali anaijua. Kikao chetu hakijafungwa mpaka ipigwe picha ya pamoja. Unaweza ukakosa azimio, unaweza ukakosa hata ajenda, lakini bila picha hukukutana. Na picha ya kamati ya kitaifa haipigwi kwa simu. Inaletwa kamera kubwa, kila mtu aonekane mpaka vifungo, kisha picha inahifadhiwa kwenye seva, ile ile, pamoja na nakala zake, na nakala za nakala.

Mara ya kwanza Liliane alipoliona hilo aliruka kutoka kitini. "Msihifadhi! Faili la mama liko humo humo! Mnaingiza mizigo kwenye nyumba yake!"

"Liliane," Mkurugenzi akasema kwa upole wa kiongozi, "sisi ni kamati ya kuokoa mafaili. Tunawezaje kuharibu faili?"

Hapo na mimi niliona hoja ina nguvu.

Nyiraneza alisikia kule dirishani. Akaja na kiti chake mkononi, akasimama katikati, uso kwa uso na kamera. "Haipigwi picha hapa," akasema. "Mtanipita mimi."

Mkurugenzi akanong'onezana na Monsieur Damascène, jambo ambalo halijawahi kutokea, na kwa mara ya kwanza wakaafikiana.

"Mubyeyi ana hoja," Mkurugenzi akatangaza. "Raia hajashirikishwa. Mleteni mbele!"

Kabla hajajua, Nyiraneza alikuwa mstari wa mbele, katikati, ameshikishwa bango lililoandikwa RAIA KWANZA. Alipofungua mdomo kuwatukana, mpiga picha akasema, "Vizuri sana, mama, hivyo hivyo, tabasamu." Ikapigwa. Ikahifadhiwa. Liliane akakimbilia chumba cha seva, akarudi taratibu.

"Wameingia wapi?" Nyiraneza akamuuliza.

"Ndani kwako, mama. Kurasa za kati. Pale palipoandikwa mipaka ya karakana sasa pana meno ya Nyakubahwa."

"Na mimi?"

"Na wewe upo, umeshika bango."

Nyiraneza akakaa chini. Nadhani alikuwa anapima kama kiti kile kingevunjika kichwani kwa mtu au kingebaki kizima. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo hatukujua anayo, "Kilichobaki kinaweza kurudi?"

"Kwa mkono, leo hii, ndiyo. Nikiangalia ukurasa kwa ukurasa. Kinahitaji macho ya mtu."

Liliane akaliweka hilo mbele ya kamati kama ombi rasmi. Alisema tukitaka kiini, tuweke kiini, lakini tuache kitufe kimoja tu huku uwanjani, mtu aone kilichorudi, na kama kimerudi vibaya aseme hapana.

"Kitufe cha hapana kinadhoofisha taasisi," Mkurugenzi akajibu. Ili kumaliza kabisa upande wa Monsieur Damascène, akaongeza kifungu kwa mkono wake mwenyewe, nacho nakinukuu kwa sababu ni kizuri: *Kilichorudishwa na kiini ndicho sahihi. Hakijadiliwi, hakirekebishwi, wala hakikatiwi rufaa na mtumiaji yeyote, wa cheo chochote.*

"Wa cheo chochote?" Liliane akauliza. "Una hakika?"

"Sheria haibagui," akasema, akapiga meza.

Tukapiga kura. Kiini kikashinda. Mimi nilipigia kiini, maana sambusa zilikuwa upande ule wa meza.

Uzinduzi ulifanyika Ijumaa, siku ile ile ambayo karakana ilikuwa igawiwe upya. Ukumbi ulipambwa. Wajumbe wa nchi jirani walikuja kujifunza. Shemeji naye alikuja, kama mdau wa masofa, na lori lake liliegeshwa Gisozi mbele ya mlango wa Nyiraneza, limejaa, linasubiri tu neno. Nyiraneza alikaa mstari wa mwisho na wanawake wawili wa Agakiriro waliomsindikiza. Alikuwa amevaa kitenge cha kwendea mazishini.

Nyakubahwa Karangwa akahutubia. Alisema mataifa makubwa bado yanabishana, sisi tumemaliza. Akabonyeza kitufe, na kiini kikaanza kurudisha kila kilichofutwa siku ya umuganda, na kusambaza taarifa kwenye lango, kwenye mishahara, kwenye magari na kwenye vitasa vya milango, maana ofisi ya kisasa mambo yake yote yameungana.

Faili la kwanza likatokea ukutani, kubwa kama shuka. Mkurugenzi akalisoma mwenyewe kwa sauti ya furaha.

"Jina: Nyiraneza, fundi seremala, Gisozi! Mnaona? Raia kwanza!" Makofi. "Anateuliwa kuwa..." Akapunguza mwendo. "...kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Karakana na Kumbukumbu. Atapewa gari, dereva, na ofisi yenye zulia."

Wageni walipiga makofi zaidi. Mjumbe mmoja wa nchi jirani alinong'ona kwamba huu ndio uwezeshaji wa kweli, akaandika.

Faili la pili likafuata. Hili hakulisoma kwa sauti. Ilibidi tulisome wenyewe ukutani: *Karangwa, mkazi wa Nyarutarama. Amekabidhiwa karakana moja, Agakiriro, Gisozi. Sharti: akutwe kazini kila asubuhi, randa mkononi. Asipokutwa, karakana apewe anayefuata.*

"Liliane!" akaita. "Nini hii? Faili langu limefikaje huko?"

"Siku ya usafi na wewe ulifuta moja mbele ya kamera, Nyakubahwa. Hukuangalia ni lipi. Ilikuwa barua yako ya uteuzi. Tulikupigia makofi."

"Na huyu mama ananihusu nini?"

"Mlikuwa majirani ndani ya seva. Kurasa zenu za kati zimekaliwa na picha za vikao. Kiini kimekuta vichwa viwili na viwiliwili viwili, kikaunganisha kilivyoona inafaa. Mtu angetazama angecheka, angebadilisha. Lakini hakuna mtu kule. Mlikataa."

"Basi rekebisha!"

"Hakirekebishwi."

"Nakata rufaa!"

"Hakikatiwi. Na mtumiaji yeyote, wa cheo chochote."

"Mimi si mtumiaji! Mimi ndiye kiini!"

"Ulikuwa," Liliane akasema. "Sasa uko uwanjani na sisi. Karibu, kuna vumbi kidogo."

Karangwa akatoa kadi yake, akaenda kujaribu mlango wa ofisi. Mlango ukakataa. Akashuka kwenye gari. Dereva akatazama kioo cha simu yake, akamwambia kwa heshima zote, "Mzee fundi, mabasi ya Gisozi yako kule mbele." Monsieur Damascène, ambaye hafanyi jambo nusu nusu, alikuwa tayari ameinama mbele ya mstari wa mwisho. "Madame la Directrice Générale," alisema, "chai au kahawa?"

"Mimi sitaki zulia," Nyiraneza akasema. Aliwatazama wenzake wawili kama anayeomba ushahidi. "Mimi nataka karakana yangu."

"Imeshapewa mtu, Madame."

"Nani?"

Wote tukamtazama Karangwa.

Hapo Mkurugenzi Mkuu mpya akaomba asomewe wajibu wake wote, polepole, na Liliane. Alimsimamisha alipofika mahali pameandikwa kwamba Mkurugenzi Mkuu atasimamia utendaji wa karakana *kwa karibu*.

"Karibu kiasi gani?" akauliza.

"Haijasemwa, Madamu."

"Basi pakieni hiyo meza ya ofisini, ipelekwe karakana."

Ndiyo maana siku hizi ukitaka kuonana na Mkurugenzi Mkuu unapanda Gisozi. Meza yake kubwa imewekwa karibu na dirisha la karakana, na juu yake hukauka mbao zilizogundishwa. Zulia la ofisi limefunika magogo yasinyeshewe. Gari la Mamlaka linabeba misonobari, na dereva amejifunza kutofautisha ubao wa kitanda na ubao wa kabati. Kitanda cha arusi kilipata mguu wake, na maharusi wakalala.

Karangwa yupo. Hana namna ya kutokuwepo, maana shemeji yake anasimama mlangoni tangu alfajiri, lori limewashwa, anachungulia kila dakika kama randa imetoka mkononi. Mwanzoni Karangwa alimwomba, "Shemeji, nikanywe hata chai." Shemeji akamjibu, "Nenda tu, usijali, mimi niko hapa." Karangwa akabaki.

Juzi nilipita kuagiza kiti. Nilimkuta ameinama, ameloa jasho, suti ameifunga kiunoni. Akaniona, akaona aibu, akamgeukia bosi wake.

"Madamu Mkurugenzi, lile ombi langu la kurejeshwa limefikia wapi?"

Nyiraneza alikuwa anasaini barua kwa penseli. Hakuinua kichwa. Alinyoosha mkono, akaupitisha kwenye ubao aliokuwa akiuranda Karangwa, taratibu, kama anayempapasa mgonjwa.

"Geuza," akamwambia. "Huu upande bado iko na vibanzi."